Unga Chini ya Kitanda

Asifiwe Bwana anayeponya hata wakaidi! Itikieni, ndugu zangu, itikieni kwa nguvu, maana mkaidi mwenyewe ndiye amesimama mbele yenu. Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Raheli wa Cheyo, mke wa yule gadi wa gari la moshi la Kigoma. Mmenisikia nikiimba humu ndani, na baadhi yenu mmeuonja ulimi wangu huko sokoni. Lakini habari hii sijapata kuisema yote. Leo nimeomba nafasi niitoe, kwa kuwa aliyekuwa akinizuia tumemzika wiki tatu zilizopita. Kila nilipotaka kusimama aliniambia, "Kaa, mwanangu, usijiaibishe." Sasa hayupo wa kunivuta nguo.

Ndugu zangu, nilikaribia kumwua mama mkwe wangu kwa ajili ya kitanda.

Msinitazame hivyo. Tulieni, nitawaeleza.

Ilikuwa miaka ile vijana wetu waliporudi kutoka vita ya Burma. Kila mwenye kazi ya serikali au ya reli alitaka nyumba yake ing'ae. Mimi na mume wangu tulikuwa tumekaa miaka sita bila mtoto, nikasemwa mpaka masikio yakaota sugu, ndipo Bwana akatupa Raheli. Mume wangu kwa furaha akaniuliza nataka zawadi gani. Sikutaka kanga, sikutaka cherehani. Nilitaka kitanda kipya. Kipya kabisa, ambacho hakijalaliwa na mtu tangu dunia iumbwe! Kulikuwa na seremala mgeni aliyepita hapa mjini na baadaye akahama, jina lake nalisitiri. Akatutengenezea kitanda chekundu, kinang'aa vanishi kama sahani iliyopakwa samli. Nilifurahi mpaka nikawa mjinga. Nilikuwa naweka ungo wangu chumbani makusudi, ili jirani akija kuuazima nimwambie, "Ingia tu uchukue," akakione kitanda. Wahenga waliosema kipya kinyemi ingawa kidonda walikuwa wananitazama mimi.

Raheli alipofika miezi minane, baba mkwe wangu alifariki kijijini kwao Ziba. Baada ya matanga mume wangu akamleta mama yake tukae naye. Mama alishuka kwenye lori na vitu vitatu: gunia la karanga, mkeka, na kitanda cha marehemu. Jamani, kile kitanda! Kimekuwa cheusi kwa moshi, tendegu moja limelegea, kamba zimekatika zinaning'inia, na upande wa kichwani pana tundu la kitasa. Ndiyo, kitasa cha mlango! Mama akanieleza habari yake kwa furaha. Babu wa mume wangu alikuwa pagazi, alibeba pembe mpaka pwani na kurudi mara nyingi, na nyumba ya tajiri wake hapa Tabora ilipobomolewa akapewa mlango mmoja wa mninga. Akauchongesha ukawa kitanda. Watoto wote wa ukoo ule walizaliwa juu yake.

"Na baba mkwe amefia juu yake," nikasema.

"Naam. Amefia pazuri," akajibu.

Mimi nikasisimkwa mwili. Mnajua tulivyolelewa wengine wetu. Kitanda alichofia mtu kinatolewa nje, mvua na mchwa wakimalize. Nikasema hakiingii ndani kwangu. Nikakiegemeza nyuma ya jiko, kuku wakapata pa kulala. Mama mkwe wangu akalala chini kwenye mkeka, mimi nikalala juu ya vanishi yangu, na Jumapili nilikuja hapa nikaimba sauti ya kwanza.

Hazikupita wiki nyingi. Kitanda kipya kikaanza kulia. Mchana wa joto, hakuna mtu chumbani, unasikia ta! kama mtu anayevunja kijiti. Kisha Raheli akaanza kukohoa. Kisha nikaona unga.

Sikilizeni vizuri hapa. Asubuhi moja nafagia, nakuta chini ya kitanda vichungu vitatu vya unga laini, mweupe uliofifia, kama wa muhogo. Vimekaa upande ule ule anaolala mtoto. Nikafagia. Kesho yake vipo tena, mahali pale pale. Nikafunga mlango kwa kufuli, nikashinda na ufunguo kiunoni. Jioni nafungua, unga upo! Ndugu zangu, nilikaa chini sakafuni.

Nilimpeleka mtoto hospitali ya Kitete. Dresa mmoja mpole alimsikiliza kifua, akaniuliza, "Mama, mtoto analala wapi? Hapana vumbi mahali hapo?" Nikaona amenitukana. Mimi, ninayefagia mara tatu kwa siku! Nikamjibu kwamba kwangu hakuna vumbi. Na ule unga sikumtajia, kwa sababu moyoni nilikwisha kuamua kwamba unga ule si jambo la hospitali. Laiti ningefungua kinywa siku ile! Mimi ninayesema kila kitu, neno moja la maana nikalimeza.

Maana nilikuwa nimekwisha kumpata mwenye unga. Mama mkwe alikuwa na macho mekundu, kama wazee wetu wote waliopuliza moto wa kuni maisha yao yote. Na nyinyi mnajua, huko kwetu macho mekundu ya bibi kizee yamesababisha vifo. Tena alianza kutoka. Kila siku baada ya chakula cha mchana anajifunga kaniki yake, anaondoka, haagi. Akirudi mikono inanukia nta. Siku moja nikamwona akitoka vichakani amejaza majani kwenye pindo la nguo, majani makavu yanayokwaruza. Akayaficha chini ya mkeka wake. Nikamwuliza ni ya nini, akacheka kidogo, akasema, "Utaona, mwanangu." Utaona! Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia. Tangu siku ile sikula tena alichopika.

Sasa nitoe aibu yenyewe. Mume wangu akiwa safarini na gari lake, mimi, mwimbaji wa kanisa, nilijitanda kanga usoni nikavuka reli nikaenda kwa mganga. Nilibeba ule unga kwenye kipande cha gazeti. Yule mtu hakuugusa. Aliusogeza kwa ncha ya kisu, akarudi nyuma, akasema, "Huu ni unga wa mfupa wa mtu. Anayeunyunyiza anakula kwako na analala kwako. Mwezi huu ukiisha, mtoto huna."

Mwezi ulikuwa umebaki siku tisa.

Ningemwambia mchungaji. Ningemngoja mume wangu. Sikufanya hivyo. Nilimtuma dereva wa lori apeleke neno kijijini kwetu kwa kaka yangu Masanja, ambaye alikuwa mtu wa hasira tangu utoto na hakuogopa boma wala mtu. Nikamwambia aje na wenzake, kuna mchawi nyumbani. Nililisema neno hilo kwa kinywa hiki hiki ninachoimbia.

Walifika Ijumaa asubuhi, Masanja na wanaume wawili, wana marungu. Mama mkwe alikuwa uani anabangua karanga. Alipowaona alijifuta mikono akasimama awapokee wageni. Masanja hakumwamkia. Ndugu zangu, mtu mzima wa Unyamwezi kumpita bibi wa umri ule bila shikamoo! Hapo nilijua hawakuja kuuliza. Walikuja kumaliza.

"Kaa chini," Masanja akamwambia.

Akakaa, chini mavumbini, akanyoosha miguu. Nikauleta ule unga kwenye sahani ya bati, nikauweka mbele yake. Mmoja akaingia ndani, akaja na majani ya chini ya mkeka na bonge la nta. Wakaviweka vyote pamoja. Majirani wakaanza kujaa kwenye ua wa mabua. Raheli mgongoni mwangu anakohoa, na kila akikohoa Masanja anabadilisha mkono ulioshika rungu.

"Majani haya ni ya nini?"

"Ni ya kazi. Kwa fundi Rajabu, mjini karibu na soko. Nendeni mkamwulize."

"Twende mjini ili wewe utoroke?"

"Basi mtumeni mmoja. Mimi nitangoja hapa hapa."

Kisha akageuza uso, akanitazama mimi. Hakulia. Alinitazama tu, kama anayengoja mtu ampokee mzigo. Alijua kwamba mimi ndiye mwenye nyumba, mimi ndiye niliyewaita, na neno langu moja lingetosha. Kusema tu, "Kaka, ngoja, mtu aende akaulize." Kutoka Cheyo mpaka sokoni ni mwendo wa muda mfupi. Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni. Sikuyasema! Niliogopa siku tisa za mganga kuliko nilivyomwogopa Mungu. Nikatazama chini.

Masanja akasema, "Simama, bibi. Tunakusindikiza." Hakusema wapi, na hakuna aliyeuliza. Mama akaanza kuinuka, ameweka mkono kwenye goti. Wakamshika kwapani, mmoja huku, mmoja huku. Nikajaribu kuomba, nikakuta sina hata neno, ila "Yesu, Yesu," kama mtu aliyekwama shimoni.

Ndipo tukasikia mkokoteni unagonga mawe nje.

"Hodi, wenyewe! Jamani hodi!"

Alikuwa mzee wa Kiislamu, kofia nyeupe, kanzu ameifunga kiunoni asiichafue. Akausukuma mkokoteni mpaka katikati ya ua, juu yake kuna kitu kimefunikwa gunia. Akatazama marungu, akatazama watu. Kisha, ndugu zangu, akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nalia. Mzee yule mwenye ndevu nyeupe aliwapita wale wanaume kama hawapo, akainama mbele ya mama mkwe wangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, fundi."

Wale waliomshika wakamwachia. Sijui kwa nini. Nadhani ni vigumu kumburuta mtu ambaye amekwisha kuamkiwa.

"Nilikuahidi kesho," fundi Rajabu akasema, "lakini leo Ijumaa, nikaona nikufikishie kabla sijaenda kusali. Ila majani ya msasa yameniishia, upande mmoja sijaulainisha vizuri. Yale ya jana yako wapi?" Akayaona pale chini karibu na sahani, akayaokota bila wasiwasi. "Haya hapa! Na nta yangu hii." Akafunua gunia, akaanza kusugua ubao kwa jani moja, kama vile sote tumekuja kumtazama akifanya kazi.

Ndugu zangu, kilikuwa kitanda cha marehemu, kile ambacho nilipoona hakipo tena nyuma ya jiko nilidhani mtu amekibeba kwa kuni. Sikukijua! Ule weusi wote umeondoka, ndani yake mmetoka mti mwekundu wa dhahabu, mistari yake imejikunja kama maji yanayotiririka. Tendegu limekazwa kwa kigingi cha mti, hakuna msumari hata mmoja. Kamba mpya za katani zimewambwa, zimekaza kama ngoma. Tundu la kitasa ameliacha, amelilainisha tu mdomo wake.

"Bibi huyu," akasema fundi, "amenisumbua karibu mwezi mzima. Kila mchana yupo, ananiletea msasa, anapaka nta kwa mkono wake mwenyewe, amenilipa kwa karanga. Anasema mjukuu wake anakohoa kwenye kitanda kinachonuka vanishi, anataka alale kwenye mti uliokwisha kutulia."

Masanja akanyoosha rungu kwenye sahani. "Na huu je? Huu unga wa mfupa?"

Fundi akachuchumaa. Akautazama. Akachota kwa kidole, na kabla mtu hajamzuia akautia ulimini! Wanawake wakapiga yowe. Masanja akaruka nyuma. Tukangoja aanguke. Mzee akaumung'unya, akatema mate pembeni.

"Mfupa gani? Hii ni mbao mbichi. Nionyesheni kitanda chenu."

Nilimwingiza chumbani mwenyewe. Akapapasa kitanda changu kipya kwa chini, pale ambapo mwenye kujivuna hapatazami. Akanionyesha vitundu, vingi, vidogo kama vya sindano. Akatoa patasi, akasema "Bismillahi," akapasua ubao wa ubavuni. Ndani ya ule wekundu wa vanishi mti ulikuwa mweupe! Ni ule wa nje, unaokaa chini ya gome, ambao fundi mwaminifu huutupa. Na katika ule weupe wakaanguka funza, wanene kama punje za mchele, na unga ukamwagika sakafuni kutoka kwenye ubao wenyewe.

"Huyu ndiye mchawi wenu," akasema fundi. "Mdudu anakula, unga unashuka, mtoto anauvuta puani. Na mkisikia ta! ni mti unakauka. Ulikatwa juzi, bado unalilia maji ya porini. Ule wa bibi umekaa tangu siku za misafara. Umekwisha kulia, umekwisha kupinda, mdudu ameuonja akashindwa."

Nilitoka nje. Masanja na wenzake walikuwa wamekwisha kufika barabarani, wameinamisha vichwa, hawakuaga. Mama mkwe alikuwa bado pale pale katikati ya ua. Alijikung'uta vumbi kwenye kaniki yake, akanyoosha mikono.

"Nipe mtoto akalale," akasema.

Basi. Hilo tu. Nilimpa Raheli, nikaanguka miguuni pake nikalia mpaka sauti ikaniishia. Baadaye nikamwuliza kama alijua nilichokuwa nikimwazia. Akasema, "Nilijua tangu siku ulipoacha kula nilichopika." Nikasema, mama, na bado ukabaki? Akaniambia, "Mtoto alikuwa anakohoa. Ningekwenda wapi?"

Mume wangu aliporudi nilimwambia yote. Alitoka akaenda kukaa karibu na mama yake mpaka usiku. Nilikwenda kwa mchungaji nikaungama habari ya mganga, nikatengwa na Meza ya Bwana, na ilikuwa haki. Lakini kikohozi cha Raheli kilipungua, siku tisa zikapita, mwezi ukaisha, na mtoto alikuwa amekaa juu ya kitanda cha babu yake ameingiza kidole kwenye tundu la kitasa, anacheka. Haleluya! Bwana hakunipa nilichostahili!

Tangu hapo, ndugu zangu, mtu akiniambia nyumba haipendezi bila vitu vipya namcheka. Tazameni kwangu. Meza yangu ilikuwa imetupwa na mtu kwa sababu ya mguu mmoja. Fundi aliutia mguu, nami nikaipaka nta kwa mikono hii, na sasa kumi na wawili wanakula juu yake. Kabati langu lilikuwa kasha la nguo lililopasuka kifuniko. Vyote ni mti mzito, havitikisiki, havinuki, na kila kimoja nakijua alama zake kwa sababu nilikisugua mwenyewe kwa msasa. Hata kile kitanda cha aibu fundi hakukichoma chote. Alitupa weupe, akatafuta moyo wa mti ulikobaki, ukatosha kigoda kimoja. Mama mkwe alikikalia miaka kumi akibangua karanga. Nilikuwa namwambia, "Mama, umekalia mchawi." Alicheka mpaka machozi yakamtoka kwenye yale macho yake mekundu.

Wiki tatu zilizopita alifariki, amelala, mkono wake umeshika mbao ya kichwani. Wanawake wa mtaa waliokuja kunisaidia, kwa wema wao, wakashika matendegu ili wakitoe kitanda nje. Mmoja wao yuko humu, ananisikia. Nikasema, "Kiacheni." Wakadhani nimechanganyikiwa. Nikatandika shuka safi, na tulipotoka makaburini nikalala pale alipolala yeye. Sikuogopa. Mimi niliyetetemeka! Nililala usingizi mzito kuliko wote niliopata tangu nizaliwe, na asubuhi nilipofagia sakafu haikuwa na kitu.

Basi namshukuru Mungu aliyemtanguliza mzee wa Kiislamu na mkokoteni wake kabla ya sala ya Ijumaa, kwa sababu mimi Mkristo nilikuwa nimenyamaza. Nanyi nawasihi, mwaminini Mungu huyo. Una kitu cha zamani umekitupa nyuma ya jiko? Kirudishe, kisugue, utashangaa kilichomo. Na kama nyumbani kwako yuko mzee ambaye siku hizi unamwogopa, unamnong'ona, huli chakula chake, ukifika leo mwamkie kwanza. Kisha inama, utazame chini ya kitanda chako mwenyewe.